Kuifuata karafuu Pemba, kutoka mtini hadi bandarini: mwongozo kamili

Mgeni anayekuja Pemba kwa kawaida hupelekwa Misali kuogelea, akapitishwa msitu wa Ngezi, kisha akarudishwa hotelini. Ni mahali pazuri, sina neno. Lakini miji yetu mitatu, Chake Chake, Wete na Mkoani, ilikua kwa sababu ya zao moja, na urithi wa zao hilo bado umetapakaa kila pahala: kwenye miti mikongwe, kwenye sakafu za kuanikia, kwenye maghala na mizani, na zaidi kwenye vichwa vya wazee. Mwongozo huu ni wa Mzanzibari, au Mtanzania yeyote, anayetaka kuufuata urithi huo kwa miguu yake mwenyewe. Siku tatu au nne zinatosha, na gharama yake kubwa ni nauli ya daladala. Mwalimu wa skuli anaweza kuchukua sehemu moja tu na kuifanya safari ya darasa.

Kanuni ni moja: ifuate karafuu yenyewe. Anza inapochumwa, nenda nayo inapochambuliwa na kuanikwa, kisha inapopimwa, mpaka inapopakiwa. Ukianzia makumbusho utaona vitu ndani ya kabati. Ukianzia shambani, ukija kuviona vitu hivyo utakuwa umeshavishika.

Kabla ya safari: historia ya kubeba kichwani

Huhitaji kusoma vitabu kumi, ila kuna mambo ambayo usipoyajua mazungumzo ya wazee yatakupita juu.

Mkarafuu si mti wa kwetu kwa asili. Uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa mara nyingi kuuleta ni Saleh bin Haramil al-Abry, karibu mwaka 1818. Sayyid Said bin Sultan alipoamua kuifanya Zanzibar kituo chake, alisukuma upandaji kwa nguvu. Inasimuliwa kwamba aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Kazi hiyo yote, kufyeka, kupanda, kupalilia na kuchuma, ilifanywa na watumwa walioletwa kutoka bara. Jambo hili lishike mapema, kwa sababu hakuna urithi wa karafuu usiopita hapo.

Mwaka 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo kitovu cha zao kikahamia kisiwani kwetu, na hapo ndipo Chake Chake na Wete zilipoanza kuvuta wafanyabiashara, madalali, wakopeshaji na majahazi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa Unguja na Pemba. Masuria hawakuguswa na amri hiyo mpaka mwaka 1909. Wengi wa walioachwa huru walibaki palepale mashambani, wakilima mihogo yao chini ya mikarafuu ya bwana wa jana, na vijiji kadhaa vya leo vimetokana na makazi hayo.

Mwaka 1927 kiliundwa Chama cha Wakulima wa Karafuu, ambacho wazee wanakitaja kwa herufi zake za Kiingereza, CGA. Mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi waligomea karafuu kwa kupinga sheria zilizokipa chama hicho nguvu kubwa, na mwaka uliofuata wakafikia suluhu na serikali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yalichukuliwa na serikali, na familia zikagaiwa ardhi eka tatu tatu. Mwaka 1968 likaanzishwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, ambalo mpaka leo ndilo linalonunua karafuu ya mkulima. Bei ya dunia iliporomoka katika miaka ya 1980, baada ya Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, kuanza kujitosheleza kwa mashamba yake. Mtu mzima wa Pemba akikwambia "enzi za karafuu", mara nyingi anakusudia miaka ya kabla ya poromoko hilo.

Chagua wakati

Karafuu huchumwa zaidi kati ya Julai na Januari, lakini hakuna mwaka unaofanana na mwengine. Mikarafuu huzaa sana mwaka mmoja, kisha ikapumzika. Mpigie simu mtu wa Pemba umuulize swali moja tu: "Karafuu zimeshaanza?" Akikwambia zimeanza, njoo. Utakuta majamvi yameanikwa mbele ya kila nyumba na harufu imetanda barabara nzima. Msimu ukiwa umepita unaweza kuja vilevile, na faida yake ni kwamba wazee wana nafasi ya kukaa kuzungumza. Wakati wa mavuno hata bibi wa miaka themanini anachambua.

Mvua za masika, Machi hadi Mei, hazifai kwa kazi hii, kwani njia za mashamba hugeuka matope. Mwezi wa Ramadhani unaweza kuja, ila usitarajie mkahawa wa mchana, na weka mazungumzo yako asubuhi au baada ya tarawehe.

Ruhusa: pita kwa sheha

Hatua hii watu huiruka, kisha wakalalamika kwamba Wapemba hawasemi. Kila shehia, yaani eneo dogo la utawala, ina sheha wake, ambaye ndiye kiongozi wa serikali hapo. Fika kwake kwanza, jitambulishe, sema umetoka wapi, unataka kuona nini, utakaa muda gani na picha utazipeleka wapi. Chukua kitambulisho. Sheha akishakujua, yeye mwenyewe atakutajia mzee gani anajua habari za shamba fulani na nani ana ufunguo wa nini.

Kwa shamba la mtu, ruhusa ya sheha haitoshi. Muombe mwenye shamba au aliyelikodi. Wakati wa msimu mashamba hulindwa kwa sababu ya wizi, na mgeni anayezunguka bila mwenyeji atashukiwa, na kwa haki kabisa. Kwa magofu na majengo ya kale, wenye mamlaka ni idara ya makumbusho na mambo ya kale. Ukiwa unafanya utafiti rasmi wa chuo, omba kibali cha utafiti kabla ya kuvuka bahari, maana kukipata ukiwa tayari Pemba kutakupotezea siku.

Kufika na kuzunguka

Boti kutoka Unguja hushukia Mkoani au Wete kulingana na ratiba, na ndege hutua karibu na Chake Chake. Weka kambi yako Chake, ipo katikati. Daladala zinakwenda kila upande, na asubuhi ndiyo nyingi. Jioni hupungua haraka. Kati ya Chake na Wete kuna barabara mbili. Chagua ya zamani hata kama ni ndefu kidogo kwa muda, kwani ndiyo inayopita kwenye vilima vya mikarafuu, na ukikaa upande wa dirisha utaona jinsi miti ilivyopandwa kwa mistari ambayo umri umeivuruga.

Siku ya kwanza: shambani

Fika mapema, kabla jua halijapanda. Vaa viatu vya kufunika na shati la mikono mirefu, kwa sababu ya majimoto, wale sisimizi wekundu wanaojenga viota vya majani juu ya mikarafuu. Wakikuvaa utajua.

Tazama mti kwanza. Mkarafuu unaweza kufika mita 10 hadi 15 na kuishi zaidi ya miaka mia, kwa hiyo baadhi ya miti unayosimama chini yake imepandwa na watu ambao babu wa mwenyeji wako hakuwaona. Muulize ipi ni mikongwe na ipi ni miche iliyopandikizwa karibuni. Muulize pia jina la shamba. Mashamba mengi yana majina ya wenyewe wa zamani, na jina hilo ndilo uzi wa kwanza wa kuvuta: nani alikuwa mwenyewe, lilirithiwa vipi, liliwekwa wakfu, liliwekwa rehani kwa mfanyabiashara gani, lilichukuliwa mwaka gani, nani akapewa eka tatu. Shamba moja likisimuliwa vizuri linakupa historia nzima ya kisiwa.

Angalia uchumaji kwa utulivu. Karafuu ni tumba la ua ambalo halijafunguka, na huchumwa linapoanza kugeuka kutoka kijani kwenda wekundu. Likichelewa likachanua, thamani imeondoka. Mchumaji hupanda na kamba, huvuta tawi kwa ngoeko, yaani kijiti chenye ndoano, na hukata kikonyo chenye tumba zake bila kuvunja tawi. Matawi ya mkarafuu ni mepesi kukatika, na kila msimu watu huanguka. Wapo waliopooza, wapo waliofariki. Serikali imeweka utaratibu wa kuwafidia wanaopata ajali za karafuu. Usimwambie mchumaji aliye juu ageuke kwa ajili ya picha yako. Msubiri ashuke.

Malipo ya mchumaji huhesabiwa kwa pishi, kipimo cha ujazo. Ukiona pishi ya zamani, ya mbao au ya bati, ipige picha karibu na rula, na uulize nani aliitengeneza. Ugomvi mwingi baina ya wachumaji na wenye mashamba ulihusu ukubwa wa pishi, hasa ile iliyojazwa mpaka ikafanya kichuguu juu.

Jioni baki nyumbani kwa mwenyeji wakati wa kuchambua. Familia nzima hukaa juu ya jamvi, karafuu huku, makonyo kule. Omba na wewe uchambue. Hii ndiyo saa yenye hadithi nyingi kuliko zote, kwani mikono ina kazi na midomo haina. Humo ndimo utasikia habari za wachumaji waliokuja kutoka Unguja na Tumbatu, na wengine kutoka bara, wakapiga kambi mashambani, wakaimba usiku, na baadhi yao wakaoa wasirudi tena kwao.

Asubuhi ya pili tazama uanikaji. Jua likiwa zuri, siku nne au tano zinatosha. Karafuu iliyokauka sawasawa huwa ya kahawia na hukatika kwa mlio ukiivunja, na uzito wake hushuka mpaka karibu theluthi ya ule wa mbichi. Mvua ikija ghafla, saidia kukunja majamvi kwanza. Simu baadaye.

Siku ya pili: mizani, kiwanda na mji wa Chake

Ikiwa ni msimu, fuatana na mwenyeji mpaka kituo cha kununulia karafuu. Hapo mkulima hupangiwa daraja, hupimiwa na kulipwa. Angalia foleni, gunia linavyomwagwa na kukaguliwa, na nyuso za watu wakati mizani inatulia. Kupiga picha fedha au nyaraka za watu ni mwiko. Muombe msimamizi kama unaweza kupiga picha mizani.

Kisha panda gari ya Wawi, nje kidogo ya Chake, kwenye kiwanda cha makonyo. Yale makonyo yaliyotengwa jana juu ya jamvi hapa hukamuliwa mafuta kwa mvuke. Wanakamua pia mimea mingine kama mkaratusi na mchaichai. Omba ruhusa getini na umuombe mfanyakazi akutembeze. Muulize juu ya moto, maji na tangi za kupozea, kwani ufundi wa mtu aliyekaa miaka mingi mbele ya tangi ni urithi uleule kama ngome ya mawe. Nasisitiza hili kwa sababu watu wetu wamezoea kuheshimu kilichokufa na kukipita kinachofanya kazi.

Mchana rudi mjini. Chake Chake imekaa juu ya mgongo wa kilima, na chini yake kuna mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko. Anzia juu, kwenye ngome ya zamani ambayo sasa ni makumbusho. Ngome hii wengi huinasibisha na karne ya 18, na sehemu yake kubwa ilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 20 kupisha hospitali. Ndani utaona vitu vya miji ya kale ya Pemba, vyombo vya bahari na maisha ya nyumbani. Umetoka shambani, kwa hiyo maswali utakuwa nayo. Muulize muongozaji yale ambayo kabati halisemi.

Kutoka ngomeni shuka barabara kuu polepole ukitazama juu zaidi kuliko chini. Milango ya maduka imebadilishwa, mabati yamewekwa, lakini ghorofa za juu zimebakia na roshani, nakshi na mara nyengine tarehe. Mpangilio wa duka chini na nyumba juu ndio uliotumiwa na wafanyabiashara waliowakopesha wakulima kabla ya mavuno na kulipwa kwa karafuu baada yake. Waulize wenye maduka wazee: hapa palikuwa pa nani? Ghala lilikuwa wapi? Karafuu ilishukaje mpaka majini?

Endelea kushuka mpaka ukingo wa mikoko. Maji yakijaa majahazi yaliingia; yakitoka, haendi mtu. Ukisimama hapo maji yametoka ndipo unapofahamu kwa nini Wete na Mkoani zilikuja kushika shughuli za meli.

Siku ya tatu: Banani, Wete, Mkoani

Si mbali na Chake kuna Banani. Mwaka 1897, mwaka uleule wa amri ya kufuta utumwa, Wakristo wa madhehebu ya Marafiki, yaani Wakweka, kutoka Uingereza walianzisha misheni Pemba, wakiongozwa na Theodore Burtt, wakanunua shamba la karafuu hapo ili walioachwa huru wafanye kazi kwa ujira. Nenda ukiwa na mwenyeji. Watu wa hapo wana kumbukumbu zao na wana haki ya kuamua wazungumze nini.

Kutoka hapo nenda Wete. Barabara kuu ya mji inateremka moja kwa moja mpaka bandarini, na ukiifuata unashuka njia ileile ya magunia. Mkoani, upande wa kusini, unaonesha sura ya baadaye: bandari ya meli kubwa, na juu ya mlima majumba ya ghorofa ya miaka ya baada ya Mapinduzi, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, wakati karafuu ikiwa ndiyo chanzo kikuu cha fedha za kigeni za Zanzibar. Bandarini usitoe kamera kabla ya kuomba ruhusa. Karafuu za Pemba zilikuwa zikivuka kwenda Malindi, Unguja, kabla ya kusafirishwa nje, kwa hiyo ukirudi kwa boti unamalizia njia hiyohiyo.

Ukibakiwa na siku moja, itumie kwa Pemba ya kabla ya karafuu. Pujini, kusini mashariki mwa Chake, kuna magofu ya ngome ya Mkama Ndume, na Ras Mkumbuu kuna msikiti na makaburi ya nguzo. Ya pili hufikiwa vizuri zaidi kwa mashua, maji yakiwa yamejaa.

Kuzungumza na wazee

Sehemu hii ndiyo isiyofaa kuahirishwa kuliko zote, kwa sababu majengo yatangoja na watu hawatangoja.

Piga hodi, toa salamu kamili, usiharakishe. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu, watoka wapi?" Jibu kwa urefu: wa ukoo gani, nani amekuelekeza. Ukiwa mwanamume unayetaka kuzungumza na bibi, fuatana na mwanamke, au mzungumze barazani watu wa nyumbani wakiwapo. Peleka sukari au majani ya chai. Ni adabu, si malipo.

Usianze na swali la historia, anza na la kazi: "Bibi, ulianza kuchambua una umri gani?" "Nani alikufundisha kupanda?" "Msimu ulipokuwa mkubwa, skuli zilifungwa?" "Fedha za mwanzo ulinunua nini?" Hili la mwisho hufungua mengi: baiskeli, redio, kanga za harusi, bati la kuezekea, nauli ya Hija. Nyimbo za uchumaji usiziombe siku ya kwanza, zitakuja wenyewe.

Mambo matatu yanataka uangalifu. Asili ya utumwa: usimuulize mtu kama wazee wake walikuwa watumwa. Uliza habari za shamba, na akitaka kusema atasema. Mwaka 1964 na kuchukuliwa kwa ardhi: sikiliza, usibishane, na usimpelekee mtu maneno ya jirani yake. Magendo ya karafuu: kila mtu ana hadithi, ila usirekodi majina. Siasa za leo ziache nje ya mlango.

Ukirekodi, omba ruhusa kwa sauti na jibu lake liwe ndani ya rekodi. Mwanzoni taja tarehe, kijiji na jina la mzungumzaji kama amekubali litajwe. Zima muito wa simu. Mzee akichoka, funga, urudi kesho.

Kuhifadhi ulichokusanya

Usiku uleule, kabla ya kulala, lipe kila faili jina linaloeleweka: mwaka, mwezi, siku, kijiji, jambo. Picha zisizo na jina baada ya miezi sita hazisemi kitu. Andika pembeni kila neno la kazi ulilolisikia, na kama linatamkwa vyengine kaskazini na kusini, yaandike yote mawili. Usichukue kigae, nanga wala pishi ya mtu, hata ukipewa kwa moyo safi. Kama kitu kina umri, mshauri mwenyewe akioneshe makumbusho ya Chake.

Karatasi za zamani zenye majina ya mashamba, rehani na wakfu utazitafuta Nyaraka za Taifa, Kilimani, mjini Unguja. Nenda na majina uliyoyapata shambani, kwani bila jina la shamba au la mwenyewe utapekua mafaili bila ya mwisho. Ukikuta waraka unaokinzana na maneno ya mzee, weka yote mawili na tarehe zake, kisha mrudie umsomee. Mara nyingi ataongeza jambo ambalo karani hakuliandika.

Nakala za rekodi zigawe pahala patatu: moja kwa familia ya mzungumzaji, kwenye kadi ndogo ya simu ili wajukuu waisikilize, moja kwenye skuli ya kijiji, kama mzungumzaji ameridhia, na moja kwako, nje ya simu unayotembea nayo.